Risiti za Baba Mdogo

Mimi nina ugonjwa wa kusikia nusu. Mke wangu anausema kila siku, na mwaka ule nilimpa ushahidi. Mwenzangu mmoja kazini, Mrundi ninayehudumia naye wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee karibu na Blacktown, huku Australia, alikuja chumba cha chai akijisifu kwamba amempelekea mhasibu wa kodi risiti za ada ya chuo, na karudishiwa pesa nzuri. Mimi nikasikia "ada ya chuo" na "karudishiwa". Mengine yote yalinipita.

Nilikuwa na sababu ya kuchangamka. Nina binti Tanzania anayesomea uuguzi, mtoto wa kaka yangu mkubwa. Kaka ndiye aliyenisomesha mimi, kitinda mimba wa nyumba, na alipofariki huyu binti akawa wangu. Kwetu ndivyo ilivyo, hakikuhitajika hata kikao. Nilikuwa nimemlipia mihula yote isipokuwa wa mwisho, na pale chuoni asiyemaliza ada hasajiliwi kwenye mtihani. Mwaka ule zamu zangu zilikuwa zimepunguzwa, mfuko umetoboka. Kwaya ya kanisani kwake ilikuwa imeanza kumchangia. Nilimpigia simu siku hiyo hiyo nikamwambia awarudishie watu hela zao, serikali ya Australia ingelipa. Nilitamka hivyo kwa mdomo wangu huu. Akaniuliza kama nina uhakika, nami nikaudhika kwa kuulizwa.

Mhasibu wa kodi alikuwa mama wa makamo, Mhindi wa Fiji, ofisi yake iko juu ya duka la kuku wa kukaanga. Nikamwekea mezani bahasha yenye risiti zote, nimezipanga kwa miaka, nimezibana pini. Akauliza anayesoma ni nani. Nikamjibu kwa Kiingereza changu kilichonyooka kwamba ni binti yangu. Akachapa. Akauliza umri wake, nikamwambia ishirini na tisa. Akaacha kuchapa, akatazama tarehe yangu ya kuzaliwa kwenye kompyuta, akanitazama mimi.

"Ulikuwa na miaka mitano," akasema.

Nikamweleza kwamba kwetu mtoto wa kaka ni mwanao, huna haja ya kumzaa. Akaitikia kwa kichwa, akafuta alichoandika. Kisha akachukua risiti ya juu na kusoma kwa shida palipoandikwa "Imepokelewa kutoka kwa". Akataka kujua huyu Baba Mdogo ni nani.

Sasa hapo ndipo nilipogundua mambo ya binti yangu. Kila muhula alipoulizwa na karani wa chuo nani kalipa, alijibu "baba mdogo", na karani, bila hiyana, akaandika hivyo hivyo. Mihula mitano, risiti tano, zote za Baba Mdogo. Jina langu halipo hata kwenye moja.

"Ni mimi," nikasema.

"Jina lako si hili."

"Ndilo jina langu kwake. Mimi ni baba yake, ila mdogo."

"Kwa sababu ulikuwa na miaka mitano?"

Nikaomba karatasi. Nikamchorea ukoo mzima, babu juu, kaka kulia, mimi kushoto, mishale kila upande. Nilieleza baba mkubwa ni nani, shangazi ni nani, na kwa nini mjomba si baba japo ni mtu muhimu. Nilitoka jasho. Yule mama alisikiliza kwa heshima, hata akauliza maswali mawili ya maana kuhusu shangazi, nikaona mambo yamekaa vizuri. Nilipoweka kalamu chini akaniambia kwa upole kwamba hata ningemzaa mwenyewe, jibu lingekuwa hapana. Ada inayopunguziwa kodi ni ya kozi uliyosoma wewe mwenyewe, tena iwe inahusu kazi unayoifanya. Mrundi alikuwa amesomea kuhudumia wazee.

Nusu saa nzima. Ningeweza kuambiwa kabla ya babu.

Labda aliniona nilivyonywea, kwa sababu aliuliza kama sare za kazi nazifua nyumbani. Nikasema ndiyo. Akafurahi. Kufua, akasema, kunahesabika, na akaniandikia.

Nilikaa kwenye benchi stesheni ya Blacktown, treni tatu za mjini zikapita. Aibu niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Nikampigia binti nikamwambia yote, ya Mrundi, ya risiti, ya sare. Nilitegemea anilaumu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo, baba mdogo, sare zinahesabika, mimi sihesabiki."

"Kwa watu wa kodi, ndiyo."

Akaacha kucheka. Hela za kwaya alikuwa amesharudisha zote, na hakuwa na uso wa kuziomba tena. "Basi mtihani nitafanya mwakani," akasema. "Usijisumbue. Umeshanifanyia mengi. Ahsante sana."

Iliniuma ile ahsante. Ni ahsante anayopewa mfadhili, mtu wa nje aliyejitahidi akaishia njiani, na kaka yangu hakuwahi kupewa ahsante ya namna ile na mimi hata siku moja. Nikamjibu kwa ukali aache upuuzi, kesho asubuhi akajaze fomu za mtihani, ada yote itakuwa imefika kabla mwezi haujaisha. Akaanza kulia, na mimi sina hata nusu ya ada hiyo.

Nilipokata simu nilitafuta namba ya msimamizi wa ghala moja kule Smithfield, mahali nilipowahi kufanya kazi na kuondoka kwa matusi, tena matusi nilikuwa nimeyatoa mimi. Akapokea. Nikamwita bosi, nikamwomba radhi, nikamuuliza kama Jumamosi na Jumapili anahitaji mtu.