Stika za Upande wa Kulia

Jumapili, 12 Aprili. Mvua ilikatika saa nne, jua likatoka, na baba watoto akarudi kutoka hospitali, akatembea mwenyewe mpaka mlangoni. Mambo ya daktari siyajui vizuri, lakini nayaandika nisije nikayasahau.

Jumatatu alikuwa akianua omena, wale dagaa wa ziwani, akashika chini ya kifua akisema ni vidonda vya tumbo. Jasho lake lilikuwa baridi. Wifi yangu, dada yake mkubwa, mwenye ugonjwa wa moyo, alisema hilo si tumbo. Hapo alikuwa sawa, lazima niseme. Akatoa kidonge chake cha kuweka chini ya ulimi, na mimi nikakubali. Ila mgonjwa akaanza kutapika, kidonge hakikuingia. Tukatafuta gari twende Migori.

Hospitalini walimbandika stika za mashine ya moyo upande wa kushoto. Daktari, mama mmoja mpole, akasoma karatasi, akatazama mishipa ya shingo iliyovimba, akasikiliza mapafu. Mapafu yalikuwa safi, presha iko chini sana. Akabandua stika, akazihamishia kulia, akasoma karatasi nyingine.

Wifi akashindwa kunyamaza. "Daktari, moyo uko kushoto. Hata sisi ambao hatukusoma tunajua."

"Uko kushoto, mama. Lakini una vyumba, na chumba cha kulia ndicho kimeumia. Kisipojaa damu, hakisukumi."

Wifi akamwonyesha kile kidonge. Daktari akasema ni dawa nzuri kwa wifi, lakini kwa huyu kingeshusha presha mpaka tumpoteze. Nilikaa chini.

Wakampa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na maji ya mshipani kidogo kidogo, kila mara wakisikiliza mapafu tena. Presha ikapanda. Akafungua macho, akauliza nani ameanua omena.

"Kunguru," wifi akasema. Akacheka huku analia, na mimi vilevile.

Sijui kilichomwokoa ni daktari, maombi, au kule kutapika. Naandika vyote vitatu, nisidhulumu kimoja.

Leo wifi amepika mwenyewe: samaki aina ya ngege wa kuchemshwa na nyanya, mboga ya sukuma, ugali, chumvi kidogo kama tulivyoagizwa. Mgonjwa alilalamika chakula hakina ladha. Kisha akaongeza ugali, na tukamwachia kichwa cha samaki.