Picha ya Mgongo

Sitan Koulibali hufagia ukumbi wa maonyesho ya picha hapa Bamako. Kwake picha ni uso: unavaa gauni jipya, unakaa wima, unamtazama mpigaji. Asubuhi moja Zumana Diarra, mpiga picha, akakuta picha yake kubwa imegeuzwa, inatazama ukuta.

“Mama Sitan, nani kafanya hivi?”

“Mimi. Mwanamke wa kwenye picha yako katugeuzia mgongo, nikasema nimgeuze, labda tutauona uso. Nyie akina Diarra mnakula kunde mpaka macho hayaoni.”

Zumana akacheka, maana ukoo wa Koulibali na wa Diarra ni watani tangu enzi za mababu, na kuitana walaji kunde ndio utani wao.

“Walaji kunde ni nyie,” akasema, akiigeuza picha. “Hebu tazama katikati ya mabega.”

Pale gauni lilikuwa na alama ndogo ya jasho, ya mviringo, ukubwa wa shavu la mtoto aliyetoka kushushwa mgongoni. Sitan alibeba hivyo wanawe saba. Mkono wake ukaenda wenyewe mgongoni.

Siku hizi mgeni akiipita picha ile haraka, Sitan humzuia kwa ufagio. “Usitafute uso. Tazama hapo.”

Akiulizwa nani kaipiga, hujibu, “Mla kunde mmoja. Siku hiyo alikuwa hajala.”