Sinia la Mke wa Nzau

Nzau wa hapa kwetu Kathonzweni alienda Dubai kutengeneza malori, akarudi na friji, televisheni na mke Mwafghani. Friji ilisifiwa sana. Mke, anayeitwa Zarghuna, kanisa letu lilimpokea kwa upendo, yaani tulimsengenya kwa sauti ya chini. Nzau akarudi Dubai kutafuta pesa, akamwachia shamba la mteremko ambalo kila mvua ikinyesha, udongo wake unahamia kwa jirani bila kuaga.

Shamba kama hilo huliwezi peke yako. Unaita mwethya: wanawake wa kikundi wanakuja na majembe, wanachimba matuta ya fanya juu ya kuzuia udongo, nawe unawapikia. Wakiridhika, wanarudi mpaka kazi iishe. Wasiporidhika, kila mmoja anapata mgonjwa wa kumtembelea. Mwenyekiti wetu ni Kalondu, mwanamke ambaye hajakosea tangu azaliwe. Muulize mwenyewe.

Mvua ya Novemba ilikuwa karibu na Zarghuna alikuwa na mbegu zake za ndengu tayari. "Udongo ukienda tena, dada Mutindi, nitapanda wapi? Kwa mawe?" aliniuliza. Basi akanunua mbuzi. Soko zima lilimwona akimvuta mbuzi huyo, na siku ya mwethya tulichimba kama watu waliookoka jana.

Wakati wa kula akatuletea masinia ya wali wa rangi ya chai, na juu yake karoti zilizokatwa nyembamba na zabibu kavu. Zabibu! Tukaomba, tukapakua kidogo kidogo pembeni, tukangoja nyama. Tukangoja sana. Harufu ya mbuzi ilikuwepo, mbuzi hakuwepo. Zarghuna alizunguka akisema, "Kuleni, mbona hamli?" Na sisi, kwa adabu zetu maarufu, tukajibu, "Tumeshiba, asante." Nani atachokora sinia la watu kama kuku?

Njiani Kalondu akafungua mkutano. "Ati karoti! Nichimbe tangu asubuhi nilishwe chakula cha sungura, na mbuzi amefichwa chumbani!" Tukakubaliana kwa kauli moja kwamba Waafghani ni wachoyo, sisi ambao hatujawahi kumwona mwingine. Matuta yalikuwa yamefika nusu.

Nilikuwa nimesahau jembe langu, nikageuka kulifuata. Nikamkuta Zarghuna jikoni, ameketi sakafuni mbele ya masinia, analia. Alikuwa ameufukua wali, na chini yake kulikuwa na mbuzi mzima, mapaja na mbavu, nyama imeiva mpaka inaachana na mfupa.

"Mmekataa nyama yangu," akasema. "Kwa sababu mimi si mtu wenu?"

"Wee! Nyama gani? Mbona uliifukia?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mbona amevaa nguo. "Kwetu nyama inafunikwa. Ukiiweka juu ni kama unamwambia mgeni, tazama pesa nilizotumia. Mgeni anachimba, anaipata mwenyewe, anafurahi."

Nilisikia aibu, lakini nikala. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa Kalondu kumweleza. Alisikiliza yote, akasema ana mgonjwa wa kutembelea. Ghafla kijiji kizima kikajaa wagonjwa. Mawingu yakaanza kujikusanya, na Zarghuna akawa anachimba peke yake, mikono imejaa malengelenge.

Halafu asubuhi moja Kalondu akapita barabarani na jembe begani akielekea kwa Zarghuna, hajamwambia mtu kitu. Kwa kikundi chetu hiyo ni amri. Tukamfuata, tukachimba mpaka tuta la mwisho. Hakuna aliyeomba msamaha. Tungeanzia wapi, na tulikuwa na shughuli nyingi za kuwa watu wema?

Zarghuna akachinja kuku wake. Akaleta sinia, na safari hii nyama zote zilikuwa juu, waziwazi, mpaka shingo. Aliliweka chini bila kututazama usoni, amejaa haya. Ilinichoma moyo, kwa sababu tulikuwa tumemfundisha kujionyesha, na alikuwa amejifunza haraka.

Kalondu akaliangalia lile sinia. Akachukua kijiko, akaanza kuchota wali wa pembeni na kumfunika kuku, kipande baada ya kipande. Akashindilia kwa mgongo wa kijiko, akarudisha karoti na zabibu juu, mpaka nyama haikuonekana tena.

"Haya, mwaitu," akamwambia Zarghuna, akimwita mama kwa Kikamba, na sauti yake haikuwa ile ya mikutano. "Sisi ndio tunafika sasa hivi. Tukaribishe."

Zarghuna akaweka mkono kifuani, machozi yakamtoka. "Karibuni," akasema. "Kuleni."

Kalondu akawa wa kwanza kuchimba. Akalipata paja, ambalo alikuwa amelifukia upande wake.