Maji ya Jumamosi

Shangazi yangu alipiga deki sakafu za watu kwa miaka thelathini na mmoja, na muda wote huo hakuna mtu katika ofisi ile ya bima aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Dekio. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka, na hakuolewa. Mama alisema hakuolewa kwa sababu hakuna mwanamume anayetaka mke anayenuka dawa ya choo. Aliyasema hayo mbele yake, tena mbele ya wageni, na shangazi alicheka pamoja nao. Alikuwa na tabia hiyo ya kucheka anapotukanwa, nami nilimdharau kwa ajili yake.

Mali yake ilikuwa maua. Mengi hayakuwahi kuchanua hata siku moja, yalikuwa majani matupu, ila kwetu chochote kinachooteshwa chunguni ni ua. Pale ofisini waliyanunua kupamba korido, kisha wakazimia sigara kwenye udongo wake na kuyamiminia mabaki ya kahawa, na yaliponyauka wakamwambia Bi Dekio akayatupe. Hakuyatupa. Aliyabeba moja moja hadi ghorofa ya pili, kwenye vyumba viwili alivyoishi tangu babu alipofariki, akakata palipooza, akayabadilishia udongo, akayapangusa majani kwa kitambaa chenye unyevu. Alipostaafu alikuwa nayo ishirini na sita. Aliyaita kwa vyeo vya watu walioyatupa. Hili Mhasibu, lile Meneja Masoko, na lile refu la pembeni, lenye majani mapana, Mkurugenzi. Alikuwa akiniambia Mkurugenzi anataka kugeuzwa apate jua upande wa pili, nami nikiitikia bila kuinua macho kwenye simu.

Ilipomshika presha ya macho, daktari alimwandikia kwenda hospitali kubwa ya mji mwingine, apasuliwe na alazwe mwezi mzima. Hakuuliza kama itauma. Aliuliza nani atamwagilia. Watu wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa sina nyumba wala mume wala mtoto. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, nachapa barua za watu kwenye duka la fotokopi, na usiku nalala kwenye kochi la sebuleni kwa mama.

Shangazi alinijua vizuri, kwa hiyo hakunitegemea. Siku mbili kabla ya safari aliweka ndoo kubwa juu ya meza katikati ya chumba, akavipanga vyungu kuizunguka, akafumua madekio yake ya kazini yaliyochakaa. Kila uzi mnene aliutumbukiza ncha moja ndani ya ndoo, na ncha ya pili akaifukia kwenye udongo wa chungu. Maji yalipanda ndani ya uzi na kushuka yenyewe, polepole, kila ua likanywa kadiri ya kiu yake. Mshubiri peke yake aliuacha dirishani bila uzi, kwa sababu mshubiri hautaki kusumbuliwa. Nilichotakiwa kufanya ni kujaza ndoo kila Jumatano na kila Jumapili. Alinishika mkono akanisisitizia niweke maji ya bomba, maji safi, nisiweke mengine. Nikamwambia hilo nalo ni la kuambiwa?

Wiki ya kwanza nilijaza. Wiki ya pili mgawo wa maji ukafika mtaani na bomba likakauka. Mimi nilikuwa nimefua nguo zangu nyeupe bafuni kwake, maana kwa mama hakuna nafasi ya kuanika, na beseni la maji ya kusuuzia lilikuwa limejaa. Nyumbani kwetu maji hayatupwi. Ya kusuuzia hupiga deki, ya deki huenda chooni, na anayemwaga hata kikombe kimoja husemwa wiki nzima. Ndivyo nilivyolelewa. Nikalibeba beseni lile, likiwa na dawa yake ya kung'arishia nguo, nikalimimina lote kwenye ndoo.

Zile nyuzi zilifanya kazi yake vizuri mno. Zilimpelekea kila mmoja sumu yake mpaka mizizini, bila upendeleo, Mhasibu na Mkurugenzi sawasawa. Majani yalipoanza kuwa ya kahawia pembeni nilidhani ni kiu, nikaongeza maji yaleyale. Wiki ya tatu ilipokwisha, chumba kilikuwa na mshubiri mmoja mzima na vijiti ishirini na tano.

Nilimwambia mama. Mama ni mwanamke mnene mwenye sauti nyororo, na alicheka hadi akashika mbavu. Kesho yake simu ikaja kutoka hospitali kwamba upasuaji haukufaulu, shangazi anaona mwanga na vivuli tu, na haitakuwa zaidi ya hapo. Mama akakata simu, akafikiri kidogo, akasema basi tatizo letu limejimaliza lenyewe. Alikwenda kwenye duka la mapambo ya harusi akarudi na mifuko ya majani ya plastiki. Tuling'oa vijiti, tukachomeka plastiki kwenye vyungu vilevile na udongo uleule, tukaiondoa ndoo na nyuzi zake. Mama akauchukua na mshubiri akautupa jalalani ukiwa mzima, kwa kuwa alisema kilicho hai kitawaumbua wenzake. Mimi nilishika mfuko wa taka aliokuwa akijazia.

Shangazi alirudi akiwa ameshikwa mkono. Alizunguka chumba akigusa meza, kiti, ukuta, kisha vyungu, kimoja baada ya kingine. Akasema yamenawiri. Mama alinikonyeza. Jumamosi iliyofuata mama alikuja kumtembelea, akamkuta na kikombe cha maji anapapasa chungu hadi chungu akimwagilia plastiki, na hapo ndipo alipopata wazo lake. Mwanzoni tulikuwa tunafunika kombe tu. Sasa aliona nyumba. Akaniambia njiani, kwa sauti yake ileile nyororo, kwamba mtu anayemwagilia plastiki si mtu wa kuachwa aishi peke yake, na kwamba ukoo ukiona kwa macho yake hakuna atakayebisha. Nyumba ile haikuwa ya shangazi peke yake. Ilikuwa ya babu, na ukoo ungeweza kumhamisha.

Naye shangazi alikuwa na neno moja tu siku hizo, na alilirudia kwa kila aliyemjia. Alisema macho yamekwenda, lakini mikono anayo, na maadamu anaweza kutunza kilicho chake basi aachwe kwake. Hakuomba kingine. Kwa mama, alisema, angekuwa mzigo kwenye kochi.

Wiki ya pili nilimpelekea chakula siku ya Jumanne. Nikaona udongo wa vyungu ni mkavu kabisa, na kikombe kimefunikwa kabatini. Nikamuuliza, kwa ujinga wangu, mbona leo hajamwagilia.

"Leo wifi haji," akasema. Kisha akauliza, "Yalikufa lini, mwanangu?"

Nilikaa chini. Alisema alijua tangu jioni ile ya kwanza, kidole kilipogusa jani la kwanza, kwa maana majani yale ameyapangusa miaka yote ile na hakuwahi kuyapangusa kwa macho. Nilimweleza habari ya maji ya kusuuzia. Alilia kidogo, akajifuta. Halafu akanieleza kwa nini anamwagilia Jumamosi. Alisema tangu mama aolewe na mdogo wake hajawahi kumnunulia kitu, hata kitambaa cha kichwa. Safari hii amenunua, tena kwa huruma, ili yeye asiumie. Sasa mtu akikufanyia wema mara moja katika maisha, utamwambia wema wake ni plastiki? Kwa hiyo Jumamosi anamwagilia, wifi akiondoka anayamwaga maji yaliyotuama kwenye visahani.

"Usimwambie kama najua," akasema. "Ataona haya."

Nilitoka pale nimekasirika. Niliukasirikia upumbavu wake, niliikasirikia na roho yangu, na nilikuwa nimekata shauri kumwambia mama kila kitu ili aliache jambo lile. Nilimkuta jikoni anamenya vitunguu. Kabla sijafungua kinywa akaniambia kwamba shangazi akishahamia kwetu, vile vyumba viwili ni vyangu. Ameshazungumza na baba mdogo. Nitakuwa na mlango wangu na ufunguo wangu. Nilichukua kisu nikamsaidia kumenya, na sikusema kitu, siku ile wala Jumamosi tatu zilizofuata.

Kikao kiliwekwa Jumapili, kwa shangazi mwenyewe. Alikuja baba mdogo, ambaye ni mdogo wake wa mwisho na ndiye mkubwa wa ukoo kwa upande wa wanaume, pamoja na binamu wawili wenye haraka ya kwenda kwenye mpira. Mama aliongea kwa upole sana. Alisema hakuna ampendaye wifi yake kuliko yeye, lakini penye ukweli uongo hujitenga. Akatoa mkasi mkobani, akakata jani la ua refu la pembeni, akamwekea baba mdogo kiganjani na kumwomba awaambie watu ni nini. Baba mdogo alilipinda jani, akalinusa, akasema ni plastiki. Mama akasema kila Jumamosi, mbele ya macho yake, wifi huyamwagilia haya, tena huyasemesha. Kesho atapikia jiko lisilo na moto, na keshokutwa atatoka dirishani akidhani ni mlango. Binamu mmoja alishindwa kujizuia akacheka, na mwenzake akaambukizwa.

Shangazi alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya magoti. Safari hii hakucheka nao.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Nilimwagilia kwa ajili yako, wifi. Nilifikiri umenihurumia."

"Kila anayeshikwa husema alijua," mama akajibu.

"Nilimwambia mtoto. Anajua yote. Mwanangu, waambie."

Nilikuwa kwenye stuli karibu na mlango, hatua mbili kutoka kwake. Yeye alikuwa ameelekeza uso dirishani, upande ambao sikuwapo. Watu wote walinitazama. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, nayo ilikuwa fupi. Macho yangu yakaangukia pembe iliyokuwa na chungu cha Mkurugenzi, na Mungu anisamehe, nilikuwa napima kama kabati langu la nguo litaenea pale.

Mama alinitazama kwa makini. Aliniona mpaka ndani, kama mama aonavyo, akanirahisishia.

"Ametoka," akamwambia shangazi. "Amekwenda dukani kuchukua sukari."

Hakuna aliyemsahihisha. Binamu walitazama simu zao. Baba mdogo alikohoa, akakitazama kiatu chake. Shangazi akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema basi hapana neno, tumngoje, duka si mbali. Baba mdogo, ambaye humwogopa Mungu anapokumbuka, akasema ni haki yake, tungoje kidogo.

Wakangoja. Mimi nikiwa pale pale, nikapumua kwa mdomo, nusu nusu. Mama akanionyesha mlango kwa kidevu. Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikainuka stuli isilie, nikatoka nikikanyaga kwa vidole, na binamu aliyekuwa karibu akanishikia mlango usigonge. Nikashuka ngazi zote nikiwa miguu mitupu. Chini nilivaa viatu nikasimama kwenye ukuta, na nilijisikia mwovu, na sikupanda tena.

Sijui walingoja dakika ngapi. Walipotoka, mama alikuwa ametangulia na begi la nguo za shangazi, na baba mdogo alikuwa anamshusha ngazi moja moja akimhesabia. Nilisogea kumpokea mama begi, na shangazi akazijua hatua zangu.

"Umerudi, mwanangu?"

Nikasema nimerudi.

"Ungewahi kidogo tu. Wameshaamua." Akanyoosha mkono, ukapapasa hewani mpaka ukaupata wangu, akaukamata. "Usijilaumu. Duka lile nalijua, Jumapili lina foleni."

Nikamwambia ndiyo, foleni ilikuwa ndefu.