Santuri ya Athmani Ilikuwa na Pande Mbili

Mwanangu, alasiri moja ya Alhamisi naikumbuka kama naiona, miaka michache baada ya uhuru, nilipomsomea bibi yangu kurasa tatu nilizozihesabu kuwa kilele cha elimu yangu. Nilikuwa nimehitimu ualimu mwaka huohuo, nikiamini kwamba taifa changa litasimama au litaanguka kwa jinsi vijana wake wanavyotumia saa zao za mapumziko. Usicheke, niliamini kweli.

Kurasa hizo zilimhusu Athmani, rafiki yangu tangu utoto, fundi wa injini za mashua kule Liwatoni. Baharia mmoja alikuwa amempa santuri ya kwanza ya bendi ya vijana watano wa Kiingereza wenye magitaa ya umeme, naye Athmani akaomba chama cha vijana cha mtaa wetu kiipige kwenye hafla ya Idi. Mimi nilikuwa katibu. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, nilikusudia kusimama mbele ya wenzetu wote nieleze kwamba muziki ule ni kelele, na kwamba anayeupenda hajui thamani ya kwao. Jina la Athmani sikuliandika. Halikuwa na haja ya kuandikwa.

Bibi alikuwa sebuleni, katika nyumba yetu nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, akishona kofia: anatoboa kitundu, anakizungushia uzi, anahamia kingine, mamia kwa mamia, hadi maua yatokeze. Aliniacha nikamaliza kusoma.

"Maneno yamepangika," alisema. "Na hiyo santuri, umeisikiza?"

"Nilipita dirishani kwa Athmani, Bibi. Nilisikia."

"Nyimbo ngapi?"

"Kama nusu ya moja."

Alininyooshea kofia, ambayo haijafika hata robo. "Haya, mwalimu, niambie hili ni ua gani."

Niliona matundu tu.

"Basi kamwite Athmani aje nayo. Utakaa usikize mpaka mwisho. Ukitaka kumvunjia mwenzio heshima baada ya hapo, utajua mwenyewe."

Athmani alikuja na gramafoni yake ya umeme mkono mmoja, na mkono wa pili santuri aliyoifunga kwa kikoi kama mtoto mchanga. "Msalkheri, Bibi. Nimeambiwa nimlete mshtakiwa. Ndiye huyu, amejisitiri."

"Msalkheri, baba. Mfungue, aseme mwenyewe."

Sijui nikueleze vipi, mwanangu, jinsi wimbo wa kwanza ulivyoingia. Gitaa moja lilitangulia peke yake, kama mtu anayebisha hodi akijua atafunguliwa, kisha ngoma zikaingia zote kwa pamoja na sebule nzima ikachangamka. Katika wimbo wa tatu mwimbaji anacheka katikati ya ubeti, na hawakukifuta kicheko hicho. Nilikwenda nacho kitandani siku ile, na ninacho hadi leo. Walikuwa vijana wa rika letu, wametengeneza kitu chao cha kwanza, na furaha ya kukitengeneza iliwashinda kuificha. Hiyo ndiyo kelele niliyokuwa nimeiandikia kurasa tatu.

Nilitazama mkono wa Bibi. Sindano ilikuwa ikifuata mpigo. Ghafla akasita. "Mmenipindishia tundu, nyinyi na Waingereza wenu," alisema, wala hakuagiza tuzime.

Athmani aligeuza upande wa pili. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa polepole, gitaa moja na sauti moja. Bibi akauliza kijana yule anasema nini. Athmani akanitazama, maana Kiingereza chake kilikuwa cha injini tu. Nikafasiri: anamwambia mamake kwamba atachelewa kurudi, ila atarudi, asiufunge mlango kwa komeo.

Bibi aliiweka kofia mapajani. "Kumbe wana mama zao," alisema. "Upige tena huo."

Ijumaa nilisimama mbele ya chama na kurasa zangu mkononi. Niliwaambia kwamba nilizikamilisha kabla sijasikiliza, na kwamba nilikosea, tena nilimkosea Athmani. Athmani akasema kutoka nyuma, "Leo mwalimu amejipa sifuri, nami natia sahihi," na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Siku ya Idi santuri ile ilipigwa mara nne, na mara ya nne ni mimi niliyeomba.

Bibi hakulifumua tundu lile. Kofia ilipokwisha alinivika mwenyewe, na hadi leo naivaa. Ukija kunitazama utaliona, juu ya sikio la kulia, limepinda kidogo, na maua yote yamelizunguka bila kinyongo.

Basi shika haya, mwanangu. Usikihukumu kitu ulichokisikia ukipita dirishani. Kaa, sikiliza pande zote mbili, na ukigundua ulikosea, liseme kosa lako palepale ulipokusudia kusema la mwenzako. Furaha halali isikutie haya kwa kuwa imetoka mbali. Mola akufungue masikio kabla ya ulimi, akupe rafiki atakayekucheka na bado akakaa nawe, na kila mlango utakaourudia uukute haujatiwa komeo. Amin.