Boscolo Felice Asiye na Jina la Pili

Mimi ni mkulima wa mboga. Nimefanya ujinga mwingi maishani, ila mmoja tu niliufanya kwa maandishi na kuupigia muhuri.

Huku kwetu Sottomarina, ukisimama sokoni ukaita Boscolo, watageuka wauza vitunguu wote na nusu ya wateja. Wenye kujua husema jina hilo linatokana na msitu. Msitu gani, hawasemi. Sisi tuna bahari upande huu, ziwa la maji ya chumvi upande ule, na katikati mchanga ambao wazee wetu waliulazimisha kuzaa karoti. Ndiyo maana kila ukoo una jina la pili, tena limeandikwa hadi kwenye kitambulisho, ili tusichanganywe. Wapo waliobahatika wakapata ya maana. Sisi tuliangukiwa na Magnasabion, yaani mla mchanga.

Shuleni waliniambia babu yake baba alilewa akaangukia uso shambani. Niliamini, kwa kuwa mimi nikilewa huanguka vivyo hivyo. Baba yangu, mzee Ottorino, alikuwa na maelezo mengine, lakini akianza tu, "Sikiliza mwanangu, hili jina letu," mimi nishaanza kutafuta kofia yangu.

Kisha binti yetu Loredana akachumbiwa na kijana wa Padova, mtoto wa daktari wa meno. Nikaiona kadi ya harusi akilini: huku daktari, huku mla mchanga. Nikaandika ombi serikalini, jina la pili lifutwe. Mke wangu Fiorenza alipolisoma alivua miwani.

"Felice, unajua akina Boscolo Felice wako wangapi mji huu?"

"Watakuwepo wachache."

"Mtakatifu wetu ni Felice. Paka wa padri ni Felice."

"Basi nitakuwa na wajina wangu."

Baba hakugomba. Aliposikia alivaa koti akaenda zake, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu. Nikibisha hodi kwake huuliza nani. Nikijibu, "Mimi, Felice," sauti inatoka ndani: "Felice gani? Simjui." Mlango haufunguki.

Ombi lilikubaliwa. Harusini yule daktari wa meno akanivuta kando, akaniomba nimwambie jina la pili la ukoo wetu, maana alisikia tunalo na aliona ni jambo zuri sana. Nikamjibu hatuna. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyefungua kinywa cha mgonjwa akakuta ufizi mtupu.

Baada ya hapo wajina wangu wakaanza kunitembelea kwa barua. Nikapata faini ya boti nisiyo nayo na majibu ya mkojo nisioukojoa. Nilijifanya nacheka.

Mwezi wa Machi, wiki moja baada ya bahari kupanda na kufunika mashamba, tangazo la kifo likabandikwa ukutani karibu na duka la mkate: Boscolo Felice, miaka hamsini na saba, mkulima. Umri wangu, kazi yangu. Nikashika ufunguo wa chuma mfukoni ili mkosi upite, kisha nikaenda baa kujionyesha kuwa ni mzima. Watu walininunulia divai. Nilifurahia msiba wa mwenzangu hadi glasi ya tatu, wala sikumkumbuka mtu mmoja anayesoma ukuta ule kila asubuhi akienda kununua mkate.

Fiorenza aliingia akihema.

"Baba yako yuko kanisani. Kavaa koti jeusi. Anakulilia wewe."

Nilikimbia. Nilimkuta benchi la mbele, kofia magotini, mabega yanatetemeka. Mjane wa watu alikuwa amemshika mkono, labda akidhani ni jamaa wa mbali. Nikaketi kando yake.

"Baba."

Akanitazama, akalitazama jeneza, akanirudia mimi. Kisha akanishika sikio, mzee wa miaka themanini na sita, mbele ya padri, akalivuta kwa nguvu zake zote.

"Nilisoma pale ukutani, sikuliona jina letu. Nikasema, huyu si wangu. Nimefika na mkate hadi nyumbani ndipo nikakumbuka ulilifuta."

"Si ungeuliza mtu, baba?"

"Ningemuuliza nani, nami nishawaambia wote kuwa Felice simjui?"

Niliona aibu ambayo divai haiiondoi. Tulibaki hadi mwisho, tukamzika yule Felice mwingine, na baba akamtupia udongo kama mwanawe.

Kesho yake alikuja shambani kwangu. Alinikuta nimepanga miche ya radikio, ile mboga chungu ya majani mekundu, tayari kuipanda. Akaanza, "Sikiliza mwanangu, hili jina letu." Kofia nilikuwa nayo kichwani, na nikaivua. Akanieleza kwamba babu yake hakuanguka. Kila bahari ilipopanda na kurudi, majirani walimwita aonje mchanga wao kabla hawajapanda, kwa sababu ulimi wake haukukosea.

Akainama taratibu, akachota mchanga kidogo kwa vidole, akauweka kiganjani mwangu. Nikautia mdomoni. Mkulima wa miaka hamsini na saba, nikautafuna.

"Haya, unasemaje?"

"Una chumvi, baba."

"Basi usipande."

Nikairudisha miche kivulini, na mchana ule tukaenda pamoja ofisini kulidai jina letu, mimi nikiwa bado na mchanga katikati ya meno.