Tembe Nyeupe za Kukhu

Wiki jana nilikuwa kwenye duka la dawa hapa mtaani Fedha, na mbele yangu alisimama mama mzee aliyemwuliza muuzaji kama hakuna dawa ya moyo isiyompeleka mtu chooni kila mara. Muuzaji alicheka kidogo. Mimi nilisahau nilichokuja kununua. Nilikuwa nimesharudi kimawazo mtaa wa Mbotela, miaka ya tisini, kwenye chumba chetu kimoja chenye pazia katikati, harufu ya stovu ya mafuta ya taa ikichanganyika na ya mboga ya mrenda iliyoiva.

Nyanya yangu mzaa mama, tuliyemwita Kukhu, aliletwa kwetu kutoka magharibi akiwa hawezi kumaliza maneno matano bila kupumzika. Daktari alisema moyo wake umechoka kusukuma damu, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na kifuani. Akapewa dawa za kumeza kila siku bila kuruka, chumvi akakatazwa. Mama akawa anampikia mboga zake kando, na Kukhu alizila akiwa amekunja uso kama mtoto.

Ile tembe ndogo nyeupe ndiyo iliyokuwa ya kutoa maji. Na iliyatoa, rafiki yangu. Akiimeza asubuhi, mpaka saa sita hakai kitako. Lakini vyoo vyetu vilikuwa vya pamoja, mwisho wa safu ya nyumba, na asubuhi kila mtu alikuwa kwenye foleni na kopo lake la maji. Kukhu alikuwa akitembea hatua chache, anaegemea ukuta, anatembea tena. Mimi, msichana wa miaka kumi niliyekuwa likizoni, nilimshika mkono.

Siku moja hatukufika. Ilimtokea karibu na mfereji, mbele ya vijana wa mtaa waliozoea kumsalimia, "Sasa, shosho." Hawakumcheka. Waligeuza nyuso wakajifanya wana mazungumzo yao, na nadhani hilo ndilo lililomvunja.

Mama alileta ndoo akaiweka nyuma ya pazia. Kukhu hata hakuitazama. Baba alikuwa mkwe wake, na kwa watu wetu mama mkwe hata kula hali mbele ya mkwe. Kulala naye chumba kimoja tayari ilikuwa aibu aliyoivumilia kwa sababu ya ugonjwa tu. Sasa akojoe mkwe akisikia?

"Heri maji yanijae," aliniambia.

Mama alitoka alfajiri kwenda kiwandani, akaniachia kazi ya kuhakikisha dawa zimemezwa. Kukhu alimeza zile nyingine. Ile nyeupe aliifunga kila siku kwenye pindo la leso. Alisema atazimeza akirudi kwao, ambako alikuwa na choo chake mwenyewe nyuma ya migomba na hapangi foleni na mtu. "Mama yako akiuliza, mwambie nimemeza."

Nilimwambia mama hivyo kila jioni. Kukhu alinisuka nywele kwa vidole vizito, akiniimbia polepole kwa pumzi aliyokuwa nayo, na hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kunikabidhi siri.

Miguu ikavimba. Nikiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Akaanza kulala ameketi, mito mitatu mgongoni. Tuliporudi kliniki, daktari aliuliza kama dawa anazimeza, na mama akasema ndiyo, mtoto humwangalia. Daktari akanigeukia. Kukhu alikuwa akitazama sakafu.

"Anameza," nikasema.

Akaongezewa dozi. Fundo la leso likazidi kunenepa.

Alifariki kabla shule hazijafunguliwa. Nilikuwa nimeenda kuteka maji, nikarudi na mtungi wangu, nikamkuta ameegemea mito yake, uji haujaguswa. Nilimwita mara mbili, kisha nikaenda kubisha kwa jirani.

Mama alipokuwa akikunja nguo za Kukhu, alifungua lile fundo, tembe zikamwagika kitandani. Alinitazama. Nikangoja kipigo.

"Ulijua," alisema. Halafu akaendelea kukunja.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ningesema ukweli angepona. Sasa sina hata hilo la kushikilia. Ningesema, angelazimishwa, na angerudi kwenye foleni ile ile na pumzi isiyomfikisha. Daktari hakuuliza choo kiko wapi, na sisi hatukumwambia.

Mama amezeeka. Tunaongea karibu kila siku, juu ya mvua, bei ya unga, watoto wangu, lakini Kukhu hatumtaji. Uso wake bado ninao. Sauti yake imenitoka kabisa, na hakuna aliyebaki wa kumwuliza ilikuwaje, isipokuwa mama.